Magofu Yako Baharini, Barabara Iko Bara: Kisa cha Safari ya Baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi

Marafiki watano, wanne wao wafanyakazi wa mjini Mombasa na wa tano mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, waliamua mwezi wa Agosti kuendesha baiskeli hadi Malindi na kuitembelea miji ya kale iliyo njiani: Jumba la Mtwana, Mnarani na Gede, kisha wamalizie kwenye mnara wa Vasco da Gama, baharia Mreno. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni karibu kilomita 120, nchi ni tambarare, barabara ni moja tena ya lami, na Kilifi iko katikati kabisa. Kwa hiyo waliigawa safari kwa siku mbili, wakalipia malazi Kilifi upande wa kaskazini wa daraja, na kuondoka Fort Jesus saa mbili na nusu asubuhi baada ya kupiga picha za kutosha mbele ya kuta zake. Siku ya kwanza iliwashinda. Jumba la Mtwana walilipita kwa haraka, keria ya baiskeli moja ilikatika njiani, na walipofika Kilifi jua lilikuwa linazama na lango la Mnarani limekwisha kufungwa. Usiku ule waliupanga upya mpango wote, na kwa kuwa wangeweza kuongeza siku moja ya mapumziko, safari iliokolewa.

Miguu yao ilikuwa na nguvu ya kutosha, hata ya mzee, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa mbele sehemu kubwa ya njia. Kilichowashinda ni namna walivyoisoma ramani, na kwa maoni yangu yeyote anayepanga safari ya namna hii katika pwani yetu atashindwa vivyo hivyo asipouelewa uhusiano uliopo kati ya barabara ya leo na miji ya jana.

Miji ya Waswahili ya karne ya 14 na 15 ilijengwa na watu ambao njia yao kuu ilikuwa maji. Walitafuta mahali chombo kinapoweza kuingia na kutia nanga bila kupigwa na mawimbi ya bahari kuu, yaani karibu na midomo ya hori, ile mikono ya bahari inayopenya bara: Mtwapa, Takaungu, Kilifi, Mida. Barabara kuu ya sasa imefuata mantiki nyingine. Inapita bara kidogo, hukutana na maji pale tu yalipojengwa madaraja, na huiacha miji hiyo upande wa mashariki kwa kilomita kadhaa. Matokeo yake ni kwamba karibu kila gofu ni tawi la barabara, si kituo cha barabarani. Unachepuka, unashuka kwa njia ya vumbi au mchanga hadi ufuoni, kisha unarudi kwa njia ile ile, mara nyingi ukipanda. Kilomita zenyewe si nyingi. Ukijumlisha machepuko yote kati ya Mombasa na Malindi huenda usiongeze hata thelathini. Lakini ni kilomita za mwendo wa polepole, na kila moja inakuja na kufunga baiskeli, kulipa kiingilio, kumsikiliza mwelekezi, kunywa maji na kuanza tena na mwili uliokwisha kupoa. Anayepanga kwa kilomita atadhani ana saa nne za ziada. Anayepanga kwa hori atajua kwamba kila hori ni nusu ya siku.

Jumba la Mtwana lilikuwa la kwanza kuwaonyesha jambo hili. Ukishavuka daraja la Mtwapa unachepuka kulia na kushuka hadi baharini, na hapo, chini ya mibuyu, kuna mabaki ya mji uliostawi katika karne ya 14 na kuachwa mapema katika karne iliyofuata. Kuna misikiti minne na nyumba kadhaa ambazo vyumba vyake bado vinasomeka ardhini, milango na vyoo vikiwemo. Uchimbaji wa mwaka 1972 uliongozwa na James Kirkman, mwanaakiolojia ambaye jina lake litarudi tena katika safari hii kwa sababu karibu kila gofu la njia hii limepitia mikononi mwake. Mahali pa kukaa hasa ni ule msikiti wa ufuoni. Birika lake lipo, mawe ya kusugulia miguu wakati wa kutawadha yapo, na upande wa kaskazini kuna kaburi lenye maandishi yaliyochongwa ya ile aya isemayo kwamba kila nafsi itaonja mauti. Upepo wa bahari unapita moja kwa moja, kivuli kipo, na mtu mwenye akili angekaa hapo kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, jua kali lipite. Wenzetu walifika saa tano, wakakaa nusu saa, wakaondoka saa tano na nusu kwa sababu ratiba iliwaambia Kilifi ni mbali. Kwa maneno mengine, waliondoka kivulini na kuingia katika saa mbaya kuliko zote za kuendesha baiskeli pwani.

Hapa kuna mgongano ambao haukwepeki. Magofu haya yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na milango yake hufunguliwa kwa kawaida saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Saa nzuri za baiskeli ni kuanzia kupambazuka hadi kama saa nne, na tena kuanzia saa tisa alasiri. Anayeanza siku yake kwa kusubiri mlango ufunguliwe anapoteza ubaridi wa asubuhi, na anayetumia asubuhi yote barabarani bila mpango wa mchana anajikuta saa sita juu ya lami inayochemka, hana pa kwenda. Suluhisho ambalo kikundi kile kilifikia usiku wa Kilifi, na ambalo naliona ni sahihi, ni kuyafanya magofu yenyewe kuwa mapumziko ya mchana: unaendesha alfajiri, unafika langoni saa tatu au saa nne, unazunguka taratibu na kupumzika ndani, kisha unaendesha tena jua likishalegea.

Sehemu kati ya Mombasa na Kilifi ina taabu nyingine, nayo ni magari. Kuanzia Nyali hadi Mtwapa barabara imejaa matatu, tuktuk na bodaboda zinazokatiza bila taarifa, na kazi ya kuipanua barabara ya Mombasa hadi Kilifi, iliyoendelea miaka ya karibuni, imeleta vipande vyenye vumbi, njia za mchepuko na malori ya kokoto. Hakuna ukingo wa kuaminika wa mwendesha baiskeli kila mahali. Barabara za ndani za Nyali, Bamburi na Shanzu zinasaidia hadi karibu na Mtwapa, na baada ya Mtwapa mtu anaweza kuingia Kikambala na kufuata njia ya upande wa bahari kwa muda. Mchanga ndio unaotoza gharama. Tairi nyembamba za baiskeli za mbio huzama pale ambapo baiskeli ya kawaida ya mwenye kuuza maji hupita bila wasiwasi. Kikundi kilikuwa na baiskeli za aina zote mbili, na tangu Kikambala ikawa dhahiri kwamba ile nzito ya mzee, ya chuma, yenye breki za vyuma na keria iliyochomelewa, ndiyo iliyofaa nchi hii, ingawa ilikuwa ya mwisho kwenye kila mlima wa daraja.

Keria iliyokatika ilikuwa ya kijana mwenye baiskeli ya mbio. Alikuwa amefunga juu yake begi la nguo, hema ambalo hakuna aliyepanga kulilalia, na lita sita za maji, na keria yenyewe ilikuwa ya alumini nyembamba iliyoshikwa kwa skrubu mbili tu chini ya siti. Ilikatika karibu na Shariani, kwenye kona ambapo fundi wa baiskeli alikuwa amekaa chini ya mwembe na pampu yake, beseni la maji la kutafutia pancha, na mikanda ya tyubu kuukuu iliyoning'inia kwenye msumari. Fundi alimwamkia mzee shikamoo, akaligeuza lile keria mikononi, akasema, “Mzee, hili halichomeleki. Na huyu kijana mzigo wake ungeufunga wewe.” Kisha akakata vipande viwili vya mti, akavilaza kama banzi pande zote mbili za mvunjiko, akavizungushia mikanda ya tyubu kwa kuvuta kila mzunguko kwa meno na mguu mpaka mpira ukageuka mweupe, na maji yakahamishiwa kwenye keria ya mzee. Ilichukua saa moja kasoro. Banzi lile lilifika Malindi. Ninalitaja kwa sababu ya mambo mawili: mafundi wa namna hii wapo kila baada ya vijiji viwili vitatu katika njia hii, kwa hiyo hakuna haja ya kubeba karakana nzima, lakini wanachoweza kukitengeneza ni kile wanachokiona kila siku, na tyubu au cheni ya vipimo visivyo vya kawaida lazima mtu aje nayo mwenyewe.

Kati ya Shariani na Kilifi ratiba iliwanyima vitu viwili. Cha kwanza ni Kuruwitu, ambako wanakijiji waliitenga sehemu ya bahari yao na kuiachia samaki wapone, kazi iliyowapatia Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Cha pili, na kikubwa zaidi kwa msafiri wa historia, ni Takaungu. Baada ya Seyyid Said, sultani wa Omani, kuwavunja nguvu Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, mwaka 1837, tawi moja la ukoo huo lilihamia hapa na jingine likaenda Gazi, kusini. Takaungu imebaki mji mdogo wa nyumba za mawe na makuti uliokaa juu ya hori nyembamba, na bado hujauona kama hujachepuka, kwa sababu barabara kuu haikuonyeshi chochote isipokuwa mashamba ya mkonge ya Vipingo yaliyopangwa mistari hadi upeo wa macho. Uzuri wa Takaungu kwa mwenye baiskeli ni kwamba si lazima kurudi ulikotoka: kwa kivuko cha mashua ndogo unavushwa ng'ambo pamoja na baiskeli yako, na kutoka hapo njia za mashambani zinakupeleka kaskazini kuelekea Mnarani bila kuigusa lami. Hii ndiyo sehemu pekee ya safari nzima ambamo njia ya baiskeli inafanana na njia ya watu wa zamani, na ndiyo niliyoona uchungu zaidi kwamba waliikosa.

Kuikosa huko kulikuwa na matokeo ya moja kwa moja, kwa maana Mnarani iko upande wa kusini wa hori ya Kilifi. Anayefika kutoka Takaungu anaikuta kabla ya daraja. Anayefika kwa barabara kuu, akiwa amechoka na taa za mji zikiwaka ng'ambo, anavuka daraja bila kufikiri, na kesho yake lazima arudi. Walirudi. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 1991 badala ya feri iliyokuwa ikivusha magari, liko juu sana, na kulivuka kwa baiskeli alfajiri kunakupa picha kamili ya kwa nini watu waliujenga mji pale: maji ya kina yaliyofichika na ukingo mrefu wa kuwaangalia wageni. Mnarani ulikuwa mmoja wa miji mitatu iliyofanya Kilifi ya kale, pamoja na Kitoka na Kioni. Ulidumu kuanzia karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 17, uliposhambuliwa na Waoromo na kuachwa. Msikiti wake mkuu unajulikana kwa wingi wa maandishi yaliyochongwa kwenye matumbawe, na kaburi lake la mnara bado limesimama. Walikaa huko hadi saa nne, wakapumzika mjini Kilifi hadi saa tisa, na ndipo mambo yakaanza kuwanyookea.

Kutoka Kilifi kwenda Gede ni kilomita arobaini na kitu kupitia Tezo na Matsangoni. Magari ni machache kuliko upande wa Mombasa, ingawa mabasi ya Malindi yanakimbia, na kwa muda mrefu msitu wa Arabuko-Sokoke unakuwa upande wa kushoto. Msitu huu, wenye kilomita za mraba 420 hivi, una ndovu, una ndege wasiopatikana kwingi duniani, na una njia ambazo baiskeli ingezifurahia, lakini kuingia kunahitaji kupitia kituo cha msitu, kulipa na kupewa mwelekezi. Si njia ya mkato ya kujiingilia. Kikundi hakikuingia. Kulikuwa na wazo pia la kufuata njia za upande wa bahari hadi Uyombo na kukodi mashua ya kuvuka mdomo wa Mida hadi Watamu, mji wa ufuoni ulio karibu na Gede, lakini kuvuka kwa namna hiyo kunategemea maji kujaa na mwenye chombo kukubali baiskeli tano, na hawakutaka tena kubahatisha. Walifika Watamu magharibi ikiingia, wakalala.

Siku ya tatu walitoka alfajiri, wakapita kwenye hori ya Mida kuiangalia mikoko, kisha wakaingia Gede saa tatu na nusu na hawakutoka mpaka saa saba. Gede ndiyo inayoivunja kanuni yangu ya hori. Iko msituni, kilomita kadhaa kutoka baharini, na haina hori mlangoni pake. Kwa mwenye baiskeli ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa imejitenga hatua chache tu na barabara ya Watamu. Mji ulikuwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine, msikiti mkuu, kasri, na nyumba ambazo wachimbaji walizipa majina ya vitu walivyovikuta ndani, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Kauri. Vyombo vya kauri vya China vilivyofukuliwa hapa vinaonyesha wazi kwamba kukaa msituni hakukuwazuia watu wake kufanya biashara ya mbali. Kaburi moja lina tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kirkman alichimba hapa kuanzia mwaka 1948 kwa takriban miaka kumi, na mwezi Julai mwaka 2024 UNESCO iliiandika Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Jambo linalosumbua wanahistoria ni kwamba Wareno waliokaa Malindi, kilomita kumi na tano hivi kutoka hapo, katika karne ya 16, hawakuuandika mji huu kwa jina hilo hata mara moja.

Kuhusu Gede kuna onyo dogo la kivitendo. Kima wa humo ndani wamezoea wageni, na begi la baiskeli lenye ndizi halihesabiki kwao kama limefungwa. Zipu wanaijua. Baiskeli ziachwe karibu na walinzi langoni na chakula kiondolewe kabisa, na asitokee mtu wa kuwapa ndizi ili apate picha, kwa kuwa atakayelipia ni yule mwenye begi anayekuja baada yake.

Malindi walifika saa kumi na moja. Vasco da Gama aliingia hapa Aprili mwaka 1498, akapokewa vizuri kuliko Mombasa, akapewa rubani, na kufika Calicut, India, tarehe 20 Mei. Mnara unaobeba jina lake una msalaba wa jiwe la Kireno juu ya koni ya matumbawe, na si mbali na hapo kuna kanisa dogo la makuti linalohusishwa na kituo cha Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, mwaka 1542. Binafsi ningempeleka mgeni kwanza kwenye makaburi ya mnara yaliyo karibu na Msikiti wa Juma, ambayo yanamrudisha kwenye alichokiona Mnarani na Gede. Lakini mzee alitaka mnara wa Mreno kwa sababu alikuwa ameona meli maisha yake yote, na hapo ndipo walipokwenda.

Limebaki suala la upepo, ambalo kikundi kile kilibahatika tu kulipatia. Agosti ni msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini mashariki, na kuanzia Kilifi ulikuwa mgongoni mwao karibu mchana wote. Mvua za masika zimekwisha kupita wakati huo na njia za vumbi zimekauka. Kuanzia Januari hadi Machi ni kaskazi, upepo unaotoka kaskazini mashariki, na mwenye kupanga wakati huo aigeuze safari: apande basi hadi Malindi, kisha aendeshe kurudi Mombasa, Gede iwe siku ya kwanza, Mnarani ya pili akitokea kaskazini kwa daraja, halafu Takaungu kwa mashua, na Jumba la Mtwana mchana wa siku ya tatu kabla ya kuingia katika msongamano wa Mtwapa. Jahazi lililokabiliwa na upepo linaweza kwenda mbisho, yaani kusonga mbele kwa kukata upepo huku na huku. Baiskeli yenye mizigo haiwezi. Kwa sababu hiyo watu wetu hawakujaribu kurudi kwa miguu yao. Asubuhi ya siku ya nne walikwenda stendi ya Malindi na baiskeli tano, wakakubaliana na makanga nauli ya kila baiskeli kabla haijapandishwa, na mzee akasimama pale chini mpaka ya kwake, ambayo ndiyo nzito, ikawekwa ya kwanza na kulazwa chini ya nyingine zote.